Mashine ya usiku, mifuko ya bei nafuu au mpira mpya: kipi kitamkinga mama na maambukizi ya tumbo?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, figo zake zilifeli kwa kisukari na presha. Mwaka jana aliwekewa mpira wa tumbo Nairobi, na sasa tunamsafisha damu nyumbani, hapa Kiboriloni, Moshi, kwa maji yanayoingizwa tumboni na kutolewa, mifuko minne kwa siku. Mwezi uliopita maji yalitoka na ukungu, akalazwa, akawekewa dawa, akapona. Tangu hapo kila mtu ana ushauri wake. Mjomba yuko tayari kutununulia ile mashine inayofanya kazi usiku ili maambukizi yasirudi. Kuna mfanyabiashara Arusha anauza mifuko ya kampuni nyingine kwa bei nafuu, pamoja na kiungio cha kubadilishia. Jirani anasema tatizo ni aina ya mpira, tuubadilishe. Tufuate lipi? Na Desemba tunatamani kumpeleka Rombo, itawezekana?

Jibu:

Marahaba. Poleni kwa kuuguza, na mama nimpe pole kupitia kwako. Mifuko ya Arusha msinunue. Mpira msiubadilishe. Mashine si mbaya, ila msiinunue kwa sababu ya maambukizi, maana hiyo siyo kazi yake. Rombo ataenda, nitalifikia hilo mwishoni. Kuna mahali pamoja ambapo uchaguzi wa kifaa unaamua kweli kama mgonjwa ataugua au la, nako ni pale mfuko unapoungana na mpira. Ndiyo maana naanza na mifuko.

Ndani ya tumbo, pale maji yanapokaa, hapana vijidudu. Mnapounganisha mfuko, ncha ya mpira inabaki wazi kwa sekunde chache. Mifuko minne kwa siku ni mara 1,460 kwa mwaka. Tiba hii, dialisisi ya tumbo, ilipoelezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1976, kwa kazi ya Robert Popovich na Jack Moncrief, maji yalikuwa kwenye chupa za kioo, na maambukizi yaliwaandama wagonjwa mno. Miaka michache baadaye Dimitrios Oreopoulos wa Toronto alianza kutumia mifuko ya plastiki, hali ikapata nafuu. Lakini bado mgonjwa alikuwa anachoma ncha kali ndani ya mfuko, kisha anafungulia maji yaingie moja kwa moja tumboni. Kijidudu kilichoangukia kwenye ile ncha kilisukumwa ndani pamoja na maji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Umberto Buoncristiani wa Perugia, Italia, alibadilisha mpangilio. Alitumia mpira wenye umbo la Y: mkono mmoja una maji mapya, mwingine unakwenda kwenye mfuko mtupu. Ukishaunganisha, maji machafu ya tumboni yanatoka kwanza na kupita pale ulipogusa. Kisha maji mapya kidogo yanasuuza mpira kuelekea mfuko huohuo wa uchafu. Baada ya hapo ndipo maji mapya yanaingia tumboni. Kilichodondokea kwenye kiungio kinatoka nje badala ya kuingia. Baadaye viwanda vikaunganisha mifuko yote miwili kabisa, mmoja umejaa na mwingine mtupu, hivyo mgonjwa anabaki na kiungio kimoja tu cha kugusa. Tuuite mfuko pacha. Tafiti zilizolinganisha mifumo hii na ule wa zamani wa kuchoma zimerudia jibu lilelile: mfumo wa Y na mfuko pacha unapunguza maambukizi. Katika vifaa vyote vya tiba hii, sijui kingine chenye ushahidi mzito kiasi hicho.

Kwa hiyo mwombe huyo wa Arusha akutumie picha ya mfuko nje ya karatasi yake. Kama ni mfuko mmoja wenye mdomo wa kuchoma, bila mfuko mtupu, mnauziwa teknolojia ambayo dunia iliiacha, na bei nafuu hiyo itakwenda kulipia kitanda cha hospitali. Hata kama ni mfuko pacha, bado nakataa, kwa sababu ya hicho kiungio. Viungio vya kampuni ya Baxter na vya kampuni ya Fresenius, kwa mfano, haviingiliani. Kipande cha kubadilishia mnachopewa pembeni ni sehemu moja zaidi ya kugusa, sehemu moja zaidi ya kulegea, na hakuna aliyewafundisha namna ya kukitumia. Kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kunafanyika kliniki: muuguzi anaondoa kile kipande cha mpira kinachoning'inia nje, anaweka cha mfumo mpya kwa usafi wa chumba cha upasuaji, halafu anawafundisha upya. Mkiwa na sababu ya kuhama, fanyeni hivyo. Kipande hicho cha nje, hata bila kuhama, kina muda wake. Vituo vingi hukibadilisha kila baada ya miezi sita hivi. Tangu mama atoke Nairobi kimebadilishwa lini? Kama hamkumbuki, hilo ni la kushughulikia wiki hii.

Naelewa kinachowasukuma kwenye mifuko ya bei nafuu. Ni hofu ya kuishiwa, na hofu hiyo ina msingi. Mwezi Septemba 2024 kimbunga Helene kilijaza mafuriko kiwanda cha Baxter huko North Carolina, na hata Marekani kwenyewe hospitali zikaanza kubana matumizi ya maji ya tiba hii. Dawa ya hofu ni akiba. Mifuko minne ya lita mbili kwa siku ni lita 240 kwa mwezi, karibu robo tani, kwa hiyo tafuteni chumba kikavu kisichopigwa na jua, panga maboksi juu ya mbao yasiguse sakafu, mtumie yenye tarehe ya karibu kwanza, na mwagize mengine mkiwa bado mna ya mwezi mzima. Kama mjomba anataka kusaidia, anunue akiba hiyo.

Pengine mtasikia kwamba hospitali, KCMC ikiwa mojawapo, zimewahi kuokoa watu waliofeli figo ghafla kwa njia hii ya tumbo, na kwamba pale mifuko ya kiwandani inapokosekana wataalamu wanaruhusiwa kutengeneza maji kwa dripu ya Ringer wakiongeza sukari. Ni kweli, na imeokoa maisha, ya watoto hasa. Lakini ile ni tiba ya siku chache, mgonjwa akiwa wodini, na kila sindano inayoongezwa kwenye dripu ni nafasi ya uchafu kuingia. Asitokee mtu wa kuwachanganyia maji nyumbani.

Sasa mashine. Inamuunganisha mgonjwa usiku, inaingiza na kutoa maji akiwa amelala, asubuhi anajitoa. Hesabu ya haraka inaonyesha ataunganishwa mara chache kuliko mara nne, na ndiyo sababu mjomba anaiamini. Ila wagonjwa wa mashine walipolinganishwa na wa mifuko ya mkono, hakuna tofauti ya kutegemewa iliyopatikana katika maambukizi ya tumbo. Mwongozo wa kimataifa unasema wazi kwamba mtu asichague kati ya hizo mbili kwa kigezo hicho. Mashine ina faida zake: mchana unabaki huru, anayemhudumia anaweza kwenda kazini, na kwa baadhi ya watu maji na taka vinatoka vizuri zaidi. Kama ninyi mnaoshika mifuko mnafanya kazi na mchana hakuna mtu nyumbani, tuizungumze kwa msingi huo. Lakini inahitaji umeme usiku kucha, vifaa na mipira yake mahususi, na fundi anayefikika. Umeme ukikatika saa nane usiku, lazima awepo mtu anayejua kurudi kwenye mfuko wa mkono bila kuharakisha.

Kuhusu mpira wenyewe, jirani ana nia njema lakini amekosea. Mpira uliozoeleka ulibuniwa na Henry Tenckhoff mwaka 1968: silikoni, wenye pete mbili za kitambaa zinazoshikana na nyama ili kuzuia vijidudu kupenya kutoka kwenye ngozi. Tangu hapo umetengenezwa wenye ncha iliyonyooka, wenye ncha ya kujikunja, wa shingo iliyopinda, na hakuna aina iliyothibitika kupunguza maambukizi ya tumbo kuliko nyingine. Unabadilishwa ukiwa na sababu: maambukizi yasiyosikia dawa, fangasi, tundu la mpira kwenye ngozi lililooza hadi kwenye pete ya ndani. Maambukizi yaliyopona vizuri mara moja si sababu.

Kinachofaa kuchunguzwa ni hilo tundu, mahali mpira unapotokeza kwenye ngozi. Kwa anayeanza, muuguzi anayejua kazi yake humketisha mgonjwa, humsimamisha, humwambia afunge khanga yake kama anavyofunga nyumbani, kisha ndipo huchora kwa kalamu mahali pa tundu. Mwanamke anaweza kuwa na tundu zuri kabisa kwenye kitanda cha upasuaji, akisimama na kufunga khanga fundo linakaa juu yake siku nzima, au akiketi linazama kwenye mkunjo wa tumbo ambako jasho halikauki. Mwangalie mama. Kama fundo linagusa, afunge juu zaidi au avae gauni. Mpira ubandikwe kwa plasta sentimita chache kutoka kwenye tundu, usivutwe na chochote, maana jeraha dogo la kuvutwa ndilo linaloanzisha usaha.

Tundu lioshwe kwa maji safi na sabuni, likaushwe, lipakwe krimu ya antibaotiki, mupirosini au jentamaisini, kila siku kadiri kliniki ilivyoagiza. Mpira ukiwa wa silikoni hakuna shida. Wa poliurethani unaweza kuharibiwa na mafuta ya baadhi ya dawa hizo na pia spiriti, kwa hiyo ulizeni Nairobi waliweka upi. Asali msipake. Najua itapendekezwa, kwa sababu kwa vidonda vingine inasaidia. Ilijaribiwa hasa kwa wagonjwa wa mpira wa tumbo huko Australia na New Zealand, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: haikushinda utunzaji wa kawaida, na kwa wenye kisukari mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama ana kisukari.

Nirudi kwenye ugonjwa wa mwezi uliopita, kwa kuwa kuna swali ambalo hukuuliza nami naliona kubwa kuliko yote matatu. Maji yale yalioteshwa maabara? Kiliota nini? Jina la kijidudu linaonyesha kilipitia wapi. Akiota stafilokokasi wa kawaida wa ngozi, kilipitia mikononi wakati wa kuunganisha. Stafilokokasi aureus hutufanya tuangalie tundu na pua. Streptokokasi mara nyingi ni wa mdomoni, kwa hiyo nauliza juu ya barakoa na meno. Pseudomonasi hupenda maji na hukaa kwenye tundu. E. koli na jamaa zake hutoka kwenye utumbo, na wakiota wa aina kadhaa kwa pamoja, daktari wa upasuaji aitwe kuangalia kama utumbo umetoboka. Mjomba akinunua mashine leo na mdudu alitoka kwenye utumbo, mashine haitamgusa. Nendeni hospitali aliyolazwa mkaombe jibu hilo kwa maandishi.

Na msijione mmeshindwa. ISPD, chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba hii, katika mwongozo wake wa 2022 kinataka kituo kisizidi maambukizi 0.40 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani takriban mara moja katika miaka miwili na nusu. Kwa hiyo hata kwenye kituo kizuri yanatokea. Baada ya kila tukio, mgonjwa na wanaomsaidia wanatakiwa kufundishwa upya. Namna ninayoipenda ni hii: mwenye kuunganisha aunganishe mbele ya muuguzi, kama afanyavyo nyumbani, na muuguzi asiseme neno hadi mwisho. Mimi huangalia zaidi zile sekunde tangu kifuniko kinapotoka hadi mfuko unapokaza. Watu makini kabisa huosha mikono vizuri, halafu mtoto anaita mlangoni, kichwa kinageuka, na ncha inagusa khanga. Aliyeunganisha haoni, kwa sababu alikuwa anaangalia kwingine. Kama macho ya mama yamefifia kwa kisukari au vidole vina ganzi, asiunganishe mwenyewe tena. Mchague watu wawili wa nyumbani, wafundishwe wote.

Mpangilio wa chumba hauhitaji gharama. Funga dirisha na zima feni kwa dakika zile za kuunganisha na kutenganisha tu. Maji yakishaanza kuingia fungua, msimkaushe mama kwa joto la Moshi. Paka asiingie, maana anapenda kuchezea mpira na kuna maambukizi yanayotoka moja kwa moja kwenye meno yake. Barakoa kwa mama na kwa anayeunganisha. Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki, si kuchovya kwenye beseni, na ikaushwe kabisa kwa kitambaa safi kisichofanya kazi nyingine, kisha kitakasa mikono, nacho kikauke. Mkono wenye unyevu hubeba vijidudu kuliko mkavu. Kwa sababu hiyohiyo, mfuko usipashwe moto kwenye sufuria wala beseni, kwani maji hujificha kwenye midomo ya mfuko. Tumieni pedi ya umeme ya kupashia; ikikosekana, mfuko wa joto la chumba utamfanya asikie baridi tumboni, hautamwambukiza.  Maji yanayoingia tumboni yametoka kiwandani, ya bomba yanaishia kwenye mikono.

Ncha ikigusa kitu kabla hujafungulia maji, usifungulie. Bana klampu, weka kifuniko kipya, piga simu kliniki, nendeni wakabadilishe kipande cha nje. Kama maji yalishaingia, waambieni hivyohivyo, kwa sababu hapo anahitaji na dawa ya kinga.

Suala la ndizi linawashangaza wengi. Jamaa mwenye kusafishwa damu kwa mashine ya hospitalini mara mbili au tatu kwa wiki amekatazwa ndizi kwa ajili ya potasiamu, na pengine mama amesikia hivyo akaacha mtori. Tiba ya tumbo hutoa potasiamu kila siku, na wagonjwa wake wengi huishia na upungufu. Potasiamu ikishuka utumbo unalegea, choo kinakuwa kigumu, na vijidudu vinapata nafasi ya kuvuka ukuta wa utumbo kuingia tumboni. Upungufu huu unahusishwa na maambukizi, na mwongozo unataka utibiwe. Apime damu, ikiwa chini, ndizi zirudi mezani kwa maelekezo ya daktari wake. Na asikae siku mbili bila choo, aombe dawa ya kulainisha. Akiandikiwa antibaotiki kwa ugonjwa wowote, ulizeni kuhusu dawa ya kuzuia fangasi. Akipangiwa kipimo cha utumbo kwa kamera au upasuaji wa kizazi, waambieni mapema ana mpira.

Kila mfuko unaotoka uwekeni juu ya karatasi yenye maandishi. Kama herufi hazisomeki, maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele, au tumbo linauma, ondokeni saa hiyohiyo na mfuko huo mkononi, hata kama ni usiku. Msipite duka la dawa kununua vidonge, vitaficha kijidudu na vipimo havitaotesha kitu. Hospitalini waombeni maji hayo yapimwe chembe nyeupe na yaoteshwe kwenye chupa zile za kuoteshea damu, kisha dawa iwekwe ndani ya maji ya tumboni. Baada ya siku tano za dawa sahihi maji yakiwa bado hayajang'aa, mpira kwa kawaida hutolewa, na hapo msibishane na daktari. Utando wa tumbo ukiharibika, tiba hii haitarudi.

Rombo sasa. Siku tano ni mifuko 20. Chukueni 24, na vifuniko mara mbili ya hesabu. Boksi zisikae kwenye keria juani. Mkifika, chagueni chumba kimoja, mbali na zizi na moshi wa jikoni, kidekiwe asubuhi kwa kitambaa chenye maji ili vumbi lisiruke, na wageni wasalimie mama kabla au baada ya kuunganisha, si katikati. Meza ndogo inayofutika, ndoo yenye koki, sabuni ya kipande kipya, barakoa. Krimu ya tundu na plasta vikae kwenye mkoba wa mkononi, siyo chini ya magunia. Kabla ya kuondoka mpigie muuguzi umwambie mtakuwa wapi, na mkubaliane gari lipi litakuwa na mafuta ya kushukia Moshi usiku maji yakichafuka.